Kitanda cha mtoto: kipya cha dukani, cha mtumba, au cha fundi?

Mzazi anayetafuta kitanda cha mtoto mchanga Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi ana njia tatu mbele yake. Anaweza kuingia dukani akatoka na boksi lililofungwa. Anaweza kwenda kwa wauza mitumba akachagua kitanda kilichokwisha kulaza mtoto mwingine Ulaya, Marekani au Ghuba. Au anaweza kwenda Keko, au kando ya barabara ya Ngong, akamwelekeza fundi seremala anachotaka. Mazungumzo mengi kuhusu uchaguzi huu huishia kwenye bei na uzuri wa mbao. Makala haya yanazipima njia hizo tatu kwa swali jingine: ikiwa kesho itagundulika kwamba kitanda hicho kina kasoro inayoweza kumwua mtoto, ni nani atakayekuambia, na utafanya nini baada ya kuambiwa?

Swali hilo lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko Marekani, ambako vifo vya watoto vitandani huhesabiwa na kutangazwa hadharani. Kwa miaka mingi kitanda cha kawaida huko kilikuwa na ubavu mmoja unaoshuka, ili mama asijipinde sana anapomlaza au kumwinua mtoto. Ubavu huo mara nyingi ulishikwa na vishikizo vya plastiki. Plastiki ilipopasuka, au skrubu ilipopotea wakati wa kuhama nyumba, kona moja ya ubavu ilichomoka na kuacha mwanya kati yake na godoro. Mtoto alipobiringika, mwili ulizama kwenye mwanya huo na shingo ikabanwa. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani, CPSC, ilihusisha vifo visivyopungua 32 tangu mwaka 2000 na vitanda vya namna hiyo. Novemba 2009 kampuni moja tu, Stork Craft, ilitoa wito wa kurejesha, yaani tangazo la kuwataka wenye bidhaa yenye kasoro waache kuitumia ili watengenezewe au wafidiwe, kwa vitanda zaidi ya milioni 2.1 vilivyouzwa Marekani na Kanada. Kufikia katikati ya 2011, vitanda vilivyotolewa wito tangu 2007 vilikuwa vimepita milioni 11, na tarehe 28 Juni 2011 kutengeneza au kuuza kitanda chenye ubavu wa kushuka kukawa kosa la kisheria nchini humo, kiwe kipya au kilichotumika.

Hata hivyo, wito kutangazwa ni jambo moja, na wito kumfikia mzazi ni jambo jingine. Mei 1998, katika nyumba ya kulelea watoto mjini Chicago, mtoto wa miezi 16 alifariki dunia baada ya kitanda cha kukunja cha Playskool Travel-Lite kujikunja na kumkaba shingo. Kitanda hicho kilikuwa kimetolewa wito mwaka 1993, miaka mitano kabla, na aliyekuwa akikitumia hakuwa na habari. Kifo hicho ndicho kilichozaa kifungu cha sheria ya Marekani ya 2008 kinachowalazimisha watengenezaji wa vifaa vya watoto wachanga kuweka kadi ya usajili ndani ya boksi, ili mnunuzi ajulikane na aweze kutafutwa. Mfano wa karibu zaidi ni kilalio cha Fisher-Price kiitwacho Rock 'n Play, ambacho kilimlaza mtoto kwa mwinamo. Takriban vilalio milioni 4.7 viliitwa virudishwe Aprili 2019. Januari 2023 wito ulilazimika kutolewa upya, kwa kuwa vifo vilivyoripotiwa vilikuwa vimefika takriban 100, na visivyopungua 8 kati yake viliripotiwa kutokea baada ya wito wa kwanza.

Kitu kinachoitwa sharti kiwe na jina la kuitwa. Kitanda kisicho na jina la mtengenezaji wala namba ya modeli hakiwezi kuitwa na mtu yeyote, hata kama mamilioni ya ndugu zake wameitwa. Ninaomba msomaji alishike wazo hilo, kwa sababu ndilo linalozitenganisha njia hizi tatu kuliko bei.

Vigezo vya kulinganisha

Nimechagua vigezo vitano. Cha kwanza ni utambulisho: je, kitanda kina jina la mtengenezaji, namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa, vilivyobandikwa mahali pasipobanduka kwa urahisi? Cha pili ni taarifa: wito ukitolewa, utakufikia kwa njia gani? Cha tatu ni ujenzi, yaani vipimo na uimara. Cha nne ni tiba, nikimaanisha kile unachoweza kupata kasoro ikigundulika: kurekebishiwa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Cha tano ni gharama, na hapa ninahesabu pia muda wa kukagua.

Kigezo cha tatu kinahitaji maelezo marefu kidogo, maana ndicho pekee ambacho mzazi anaweza kukipima kwa mkono wake. Nafasi kati ya kijiti na kijiti isizidi sentimita 6 kwa kanuni za Marekani. Kiwango cha Ulaya, EN 716, kinataka iwe kati ya milimita 45 na 65. Sababu yake ni kwamba mwili wa mtoto mchanga ni mwembamba kuliko kichwa chake: miguu na kiwiliwili hupenya, kichwa hubaki ndani. Wengi wamezoea kupima kwa kopo la soda, kwamba likipita nafasi ni kubwa mno. Kipimo hicho kilianza na kopo nene lenye kipenyo cha takriban milimita 66, ilhali makopo membamba ya siku hizi yana takriban milimita 58. Kopo jembamba lisipopita, mzazi atulie; kopo nene lisipopita, nafasi inaweza kuwa bado imezidi sentimita 6. Rula ya mtoto wa shule ya msingi inamaliza ubishi huo wote.

Godoro nalo likae vizuri kiasi kwamba vidole viwili vya mtu mzima visipenye kwa nafasi kati yake na ubavu. Sehemu ya kulalia ikiwa imeshushwa hadi chini kabisa, urefu kutoka kwenye chaga hadi ukingo wa juu wa ubavu usipungue sentimita 66, la sivyo mtoto aliyeanza kusimama atapinduka nje. Nguzo za kona zisichomoze juu ya ubao wa kichwani, kwa kuwa nguo ya mtoto hunasa hapo na kumnyonga. Kanuni ya Marekani inaruhusu milimita 1.5 tu. Mahali pa kulala pawe bapa na pagumu kiasi. Kwa sheria iliyotiwa saini Marekani Mei 2022, vilalio vya watoto wachanga vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10 vimepigwa marufuku, pamoja na ile mito ya sponji inayozungushiwa kitanda kwa ndani. Kuhusu rangi, kiwango cha juu cha madini ya risasi kwenye rangi ya vifaa vya watoto nchini humo kimekuwa sehemu 90 kwa milioni tangu Agosti 2009. Kabla ya hapo kilikuwa 600.

Kitanda kipya cha dukani

Utambulisho ndio nguvu kubwa ya njia hii, ila kwa sharti moja. Kitanda kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani baada ya Agosti 2009 kinapaswa kuwa na alama ya kudumu inayoonyesha mtengenezaji, mahali na wakati kilipotengenezwa. Vya soko la Ulaya vina maelezo yanayofanana na hayo. Katika maduka yetu, hata hivyo, kuna aina mbili za vitanda vipya vinavyosimama bega kwa bega. Aina ya kwanza ina chapa inayojulikana na kibandiko kamili. Aina ya pili ina jina lililochapwa kwenye boksi tu, pengine pamoja na picha ya mtoto anayecheka; boksi likitupwa, kitanda kinabaki bila ukoo. Aina hii ya pili, kwa kigezo cha wito, haina tofauti na mtumba uliobanduliwa kibandiko, ingawa inanukia upya.

Alama ya ubora ya shirika la viwango, iwe ya TBS kwa Tanzania Bara, ZBS kwa Zanzibar au KEBS kwa Kenya, inasema kwamba bidhaa imepimwa dhidi ya kiwango fulani. Ni jambo la maana, na mnunuzi wa Kenya anaweza kuhakiki namba ya kibali cha alama hiyo kwa kutuma ujumbe mfupi kwenye 20023. Alama hiyo, hata hivyo, si ahadi kwamba kasoro itakayogundulika miaka miwili baadaye utaletewa habari zake nyumbani.

Kuhusu taarifa, mwenye namba ya modeli ana mahali pa kutafuta. CPSC huweka kila wito kwenye tovuti yake. Umoja wa Ulaya una mfumo wake wa Safety Gate unaochapisha orodha mpya kila wiki. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, limekuwa na lango moja la intaneti tangu 2012 linalokusanya wito kutoka nchi nyingi, na hilo ndilo ninalompendekezea mzazi aliyeko Afrika Mashariki, kwa kuwa kitanda kile kile huuzwa kwa jina lile lile mabara mbalimbali. Andika jina la kampuni na modeli, kisha usome aya inayotaja tarehe za utengenezaji. Wito mwingi hauhusu modeli nzima; unahusu vitanda vilivyotoka kiwandani kati ya mwezi fulani na mwingine, na mzazi asiyesoma tarehe anaweza kuogopa bure au kutulia bure. Kadi ya usajili, ikiwamo, ijazwe siku hiyo hiyo. Nimeona kadi hizi zikitumika kuzibia meza inayoyumba.

Ujenzi wa kitanda cha kiwandani mara nyingi unakidhi vipimo nilivyovitaja, na udhaifu wake huwa kwenye kuunganisha. Vitanda hivi hufika vipande vipande, na skrubu iliyokazwa nusu ni kasoro ambayo kiwanda hakihusiki nayo. Kuna udhaifu mwingine usiohusu mbao kabisa: duka likikuuzia kitanda kama seti kamili, huenda ndani yake mkawa na ile mito ya kuzungushia ambayo Marekani imeipiga marufuku. Kitanda chukua, mito waachie.

Tiba ndipo ahadi na hali halisi zinapoachana. Tangu tarehe 13 Desemba 2024, kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya inamtaka mtengenezaji ampe mlaji nafasi ya kuchagua kati ya angalau tiba mbili miongoni mwa kurekebishiwa, kubadilishiwa na kurudishiwa fedha. Haki hiyo ni ya aliyenunua huko. Aliyenunua Kariakoo anamtegemea muuzaji wake na risiti yake; akikataliwa, Tanzania Bara kuna Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi zake ni pamoja na kumlinda mlaji. Kifurushi cha vipuri vya kurekebishia, ambacho kampuni hutuma kwa posta bila malipo kwa wateja wa nchi kilikouzwa kitanda, si rahisi kikufikie Mbagala.

Gharama ya njia hii ni kubwa kuliko zote siku ya kununua, na ndogo kuliko zote kwa muda wa kukagua. Inamfaa mzazi mwenye uwezo wa kununua chapa yenye ukoo, anayetunza risiti, na asiyekuwa na muda au macho ya kukagua mbao.

Kitanda cha mtumba

Sitaki kuusema vibaya mtumba. Mbao za vitanda vingi vinavyoshuka kwenye makontena ni nzito na zimekauka vizuri kuliko mbao nyingi mpya zinazouzwa kwa bei mara mbili, na mtoto aliyelala humo miaka miwili bila tatizo ni ushahidi wa aina yake. Ila ushahidi huo una mipaka, na mipaka hiyo inaonekana ukikipindua kitanda.

Nilikipindua kimoja kwenye uwanja wa mitumba, kikiwa chini ya turubai pamoja na viti vya magurudumu na baiskeli za watoto. Muuzaji alinihakikishia: "Cha Uingereza hiki, kaka, kizito, hukipati tena." Uzito ulikuwa wa kweli. Chini ya ubao wa kulalia kulikuwa na kibandiko kilichokwanguliwa, zikabaki tarakimu nne za mwisho za namba fulani, na tarehe haikusomeka kabisa. Ubavu mmoja ulikuwa wa kushuka. Kishikizo cha kona ya chini kilikuwa kimekatika, na mahali pake palifungwa waya wa chuma, ule wa kufungia nondo, uliozungushwa mara tatu. Nilipouonyesha, muuzaji hakukasirika: "Waya huo unautoa tu, kaka, unaweka skrubu." Kwa maneno mengine, kile hasa kilichofanya mamilioni ya vitanda kuitwa kilikuwa mbele yetu, na dawa iliyopendekezwa ilikuwa skrubu ya dukani kwa Mpemba.

Kwa hiyo kuhusu utambulisho, mtumba ni bahati nasibu: kibandiko kipo au hakipo. Kikiwapo, mtumba una faida moja ambayo hata kitanda kipya hakina, nayo ni kwamba historia yake imekwisha kujulikana. Kitanda cha mwaka 2015 kimekuwa sokoni muda wa kutosha kwa kasoro zake kujitokeza, na ukitafuta modeli yake kwenye lango la OECD ukakuta hakuna wito, jibu hilo lina uzito kuliko jibu lile lile kwa kitanda kilichotoka kiwandani mwezi uliopita. Kibandiko kisipokuwapo, hakuna kinachoweza kutafutwa.

Kuhusu taarifa, usitegemee mtu mwingine. Nchini Marekani ni kosa kuuza bidhaa iliyotolewa wito, na kosa hilo linamgusa hata muuza vitu vilivyotumika. Sheria hiyo haimfuati mfanyabiashara wa mtumba upande wa pili wa bahari. Kadi ya usajili, kama iliwahi kujazwa, ina jina la mtu wa kwanza.

Katika ujenzi, kagua mambo mawili kabla ya mengine yote: ubavu unaoshuka na vifaa vilivyopungua. Kitanda chenye ubavu wa kushuka kiache, hata kikiwa kizima leo, kwa sababu plastiki yake inaendelea kuzeeka. Kitanda kisichokuwa na skrubu zake za asili kiache pia, isipokuwa kama fundi unayemwamini anaweza kuweka boliti na nati zinazolingana kila mahali. Tikisa kitanda kikiwa kimesimama. Kikilia kwenye viungo, kimekujibu. Rangi ya zamani inayobanduka, hasa ya njano, nyekundu au kijani iliyokolea, ni sababu ya tatu ya kukiacha, kwa kuwa mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa ubavu, na baadhi ya rangi hizo za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi.

Tiba ni hafifu. Kampuni nyingine haipo tena. Simplicity, iliyotoa wito wa takriban vitanda milioni 1 Septemba 2007, ilipoanguka, kampuni iliyonunua mali zake ilikataa kubeba mzigo wa vilalio vyake vingine vyenye hatari, na mwaka 2008 CPSC ikalazimika kuyaomba maduka yenyewe yawapokee wateja. Kama mnunuzi wa dukani Marekani alipata taabu hiyo, wa mtumba huku ajihesabu kuwa mtengenezaji amekwisha kufa.

Gharama ya fedha ni ndogo, na ya muda ni kubwa. Njia hii inamfaa mtu mwenye subira ya kurudi uwanjani mara tatu au nne, anayekwenda na simu yenye bando, na aliye tayari kuondoka mikono mitupu.

Kuna tawi la njia hii ambalo ni bora kuliko shina lake, nalo ni kitanda kinachotumwa na ndugu aliyeko ughaibuni. Shangazi aliyeko Columbus au Muscat anayepakia kitanda cha mwanawe kwenye kontena anakijua tangu siku kilipofunguliwa boksi, ana maelekezo ya kuunganisha, na huenda jina lake liko kwenye usajili. Mwombe apige picha ya kibandiko na kutafuta modeli kabla ya kontena kufungwa. Kikionekana kimetolewa wito, tiba iko huko huko aliko, na pengine atarudishiwa fedha. Kikishafika bandarini, tiba imebaki nyuma.

Kitanda cha fundi

Kitanda cha fundi hakina jina, hakina modeli, na hakuna tovuti duniani itakayokitaja. Kwa kigezo cha utambulisho na kile cha taarifa kinapata sifuri, na haifai kujidanganya kwamba alama yoyote inafidia hilo. Hata kama fundi ametengeneza vitanda 40 vya namna moja na kimoja kimevunjika, hana daftari la wateja, na wewe hutajua.

Lakini fundi ana kitu ambacho kiwanda hakina: unamfahamu, ana simu, na unaweza kumfikia kwa bodaboda. Tiba, ambayo kwa njia nyingine ni maombi na vifurushi vya posta, kwake ni randa na nusu saa. Na ujenzi, ambao kwingine unaukuta umekwisha kuamuliwa, hapa unaamua wewe. Kwa hiyo uzito wote wa njia hii unaangukia kwenye maelekezo unayotoa kabla mbao hazijakatwa.

Nilikaa kwa fundi mmoja akinionyesha ubavu aliokuwa amekwisha kuugonga, wenye vijiti tisa. Ndani ya ubavu ule kulikuwa na urefu wa sentimita 120, na kila kijiti kilikuwa na upana wa sentimita 3. Tulipopima kwa futikamba, nafasi kati ya kijiti na kijiti ilizidi sentimita 9. "Ndiyo nafasi ya kawaida, kaka," alisema, na hakuwa akidanganya; ndivyo alivyofundishwa na ndivyo wateja walivyozoea. Tukapiga hesabu pamoja juu ya kipande cha mbao kwa penseli yake: ili nafasi iwe chini ya sentimita 6, ubavu mmoja unahitaji vijiti 13. Hivyo ni vijiti vinne zaidi kwa kila ubavu, vinane kwa bavu mbili, na vichache vingine kwa pande fupi kama nazo si ubao mzima. "Basi na bei itapanda kidogo," akasema. Ilipanda kweli, na katika fedha zote zilizotumika kwenye kitanda kile, hizo ndizo ninazoweza kuzitetea kwa moyo mmoja.

Mambo mengine ya kumwambia fundi ni machache. Nunua godoro kwanza, umpelekee, ili kitanda kijengwe kulizunguka. Magodoro ya sponji yana tabia ya kutofautiana sentimita mbili tatu na kile kilichoandikwa, na kitanda kilichojengwa kwa kipimo cha kichwani huacha mwanya pembeni. Bavu zote nne ziwe imara, bila bawaba na bila sehemu inayoshuka. Vijiti viingizwe kwenye matundu kwa gundi, visipigiliwe misumari kwa nje. Nguzo za kona zikatwe sawasawa na ubao. Ule urembo wa vichwa vya nguzo vilivyochongwa kama dafu uwekwe kwenye kitanda cha baba na mama. Ikiwa utatundika chandarua, na katika nchi zetu utatundika, fundi aweke fremu ya juu isiyofikiwa na mkono wa mtoto, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote ili kisining'inie ndani. Msasa upigwe hadi kiganja kisikwaruzwe. Rangi ikihitajika, kopo liletwe na wewe, lenye maelezo kwamba haina madini ya risasi. Mbao ya mninga iliyopigwa msasa vizuri inapendeza bila rangi yoyote.

Gharama iko katikati, na inategemea mbao. Njia hii inamfaa anayeweza kusimama karibu na fundi siku mbili tatu, mwenye kipimo mkononi na asiyeona haya kurudisha kazi.

Uchaguzi kwa hali yako

Ikiwa mtoto anazaliwa wiki hii na hakuna muda wa kukagua wala kusubiri, chukua kipya chenye kibandiko kamili, kidogo na cha bei nafuu, badala ya kikubwa kisicho na jina. Ikiwa fedha za chapa hazipo, mwendee fundi, hata kama kitanda kitachelewa. Katika majuma hayo mtoto anaweza kulala kwenye godoro gumu la peke yake lililofunikwa vizuri na chandarua, chali, bila mto.

Ikiwa unapewa kitanda na rafiki au jirani bila malipo, kichukulie kama mtumba, na upendo wa anayekupa usikuzuie kutafuta kibandiko. Swali la adabu lipo: "Dada, mlikinunua mwaka gani, na boksi lake bado lipo?" Kilichonunuliwa Marekani kabla ya katikati ya 2011, au Ulaya mwaka wowote, kina uwezekano wa kuwa na ubavu wa kushuka.

Ikiwa unaendesha kituo cha kulelea watoto, hesabu inabadilika. Vitanda vingi vya aina moja vinafaa kuwa vya dukani, vyenye namba ya modeli iliyoandikwa kwenye daftari, na mtu mmoja apangiwe kutafuta namba hizo kwenye lango la OECD kila baada ya miezi mitatu. Kituo kinacholea watoto wa wengine kikipendelea fundi, kiandike vipimo kwenye karatasi, fundi atie saini, na kila kitanda kipigwe namba. Kwa njia hiyo kituo chenyewe kinakuwa na uwezo wa kutoa wito iwapo kimoja kitavunjika.

Ikiwa unaishi Uingereza, Marekani au Ghuba na unanunua kwa ajili yako mwenyewe, kitanda cha fundi ni nadra kuwa njia iliyopo, na uchaguzi ni kati ya kipya na kilichotumika. Huko kilichotumika chenye kibandiko si cha kudharauliwa, kwa kuwa mtengenezaji unaweza kumfikia na tiba iko karibu. Wasiliana naye ujisajili kwa jina lako kama mmiliki mpya.

Na ikiwa utakuta kwamba kitanda ulichonacho kimetolewa wito, mtoe mtoto humo usiku huo huo kabla ya kuanza kuandika barua pepe. Soma tiba iliyotajwa. Kampuni nyingi siku hizi huomba picha ya bidhaa ikiwa imekatwa au kuharibiwa, kwa hiyo usiitupe kabla ya kusoma. Kama hakuna tiba inayokufikia, usikiuze na usikiache kando ya jalala kikiwa kizima, kwa kuwa kesho yake asubuhi kitakuwa kimepigwa kitambaa chenye maji na kusimamishwa kwenye uwanja wa mitumba. Kata bavu mbili kwa msumeno katikati ya vijiti. Ubao wa kichwani unafaa kuwa rafu ya vyombo, na chaga zikipunguzwa zinatosha kichanja cha kuanikia dagaa.